"Mimi Nilijua": Namna ya Kukisaidia Kikundi Kidogo Kuamua Vizuri

Kikundi chetu cha hisa hapa Tanga kiliwahi kufuga kuku wa nyama 300 na kutoka na hasara ya karibu laki tisa. Hasara ilitukera, lakini kilichotuuma zaidi ni maneno yaliyofuata. Tulikuwa watu 24 kwenye mikeka, daftari la mweka hazina liko wazi katikati, na mmoja baada ya mwingine wakaanza: "Mimi nilijua." Mama anayepika hotelini alijua kwamba wiki ile ya sikukuu kila mfugaji angeshusha kuku sokoni na bei ingeanguka. Kijana wa bodaboda alijua kwamba nyumba tulikoweka banda maji hukatika mara mbili kwa wiki. Mwingine aliwahi kufuga, na chanjo tuliyoisahau alikuwa anaifahamu kwa jina.

Wote hao walikuwepo siku tuliyoamua, na wote waliinua mkono. Mimi ndiye niliyekuwa katibu, na muhtasari niliuandika kwa mkono wangu: "Wajumbe walikubali kwa kauli moja." Kwa kweli kauli moja ile ilikuwa ya mwenyekiti. Alisema yeye kwanza, tena kwa furaha, na baada yake hakuna aliyetaka kuwa mkosi.

Yanayofuata ni yale tuliyoyabadilisha baada ya kuku. Yanafaa kwa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), chama, kamati ya harusi, kamati ya msikiti au ya jumuiya, hata familia inayogawana gharama za mgonjwa. Idadi nzuri ni watu watano hadi thelathini. Mkizidi hapo, anzeni kwenye makundi madogo ya watu watano watano kama VICOBA nyingi zilivyozoea, kisha mkutane wote.

Hatua ya kwanza: andikeni swali

"Tununue viti vya kukodisha?" Hili linaonekana swali, lakini ni ombi. Aliyelileta amekaa palepale anawatazama, na pengine jana amekukopesha sukari. Nani atamwambia hapana mbele za watu?

Swali zuri halina jibu ndani yake. Letu la mwaka jana lilikuwa hivi: "Tuna shilingi 3,600,000 za mradi. Tuzifanyie nini ili mwisho wa mzunguko ziwe zimeongezeka, na mambo yakienda vibaya tusipoteze zaidi ya nusu?" Swali la namna hiyo linavuta majibu mengi. Hakikisheni yako angalau matatu, na mojawapo liwe kuendelea na mlichozoea. Kwa kikundi cha hisa, mlichozoea ni kukopeshana wenyewe kwa wenyewe. Yetu yalikuwa viti vya kukodisha, bajaji, na kukopeshana. Wakati wa kuku hatukulinganisha kabisa na hilo. Tulilinganisha kuku na kukaa bure, na mbele ya kukaa bure kila mradi unapendeza.

Swali litangazwe wiki moja kabla, na liwe ajenda inayojitegemea. Lisiingizwe kwenye "mengineyo" watu wakiwa wameshashika viatu. Kuku wetu waliamuliwa kwenye mengineyo, kwa dakika kumi. Kikao hichohicho tulibishana dakika arobaini juu ya faini ya shilingi 500 ya kuchelewa, kwa sababu kila mtu amewahi kuchelewa na kila mtu ana la kusema. Jambo kubwa na geni huwanyamazisha watu, na kimya chao tukakiita makubaliano.

Hatua ya pili: yapi ni ya wote?

Mambo mengine hayahitaji kikao. Kununua kalamu, kubadilisha saa ya kukutana wiki moja, kutoa rambirambi iliyokwisha kupangiwa kiwango: waachieni viongozi, na kiwango cha fedha wanachoweza kutumia bila kuuliza kiandikwe kwenye katiba. Nguvu za kikao ni chache, zitunzeni.

Halafu jiulizeni: hili likiharibika, linarudishika? Turubai la kukodi unalirudisha kesho. Bajaji ikiuzwa baada ya miezi sita, unapoteza kiasi fulani lakini fedha zinarudi. Kiwanja chenye mgogoro wa mirathi hakirudishiki. Kinachoweza kujaribiwa kidogo, jaribuni kidogo badala ya kubishana. Kisichorudishika kipeni vikao viwili, na katikati yake usiku saba wa kulala na kutafakari.

Hatua ya tatu: tumeni wawili wasiofikiri sawa

Anayetaka viti na anayevitilia shaka waende pamoja kuuliza bei. Ukimtuma anayetaka peke yake, atarudi na bei nzuri tu. Ukimtuma mpinzani peke yake, atarudi na habari za waliofilisika. Wakienda wawili wanaangaliana, na njiani wanazungumza. Mara nyingi wanarudi kila mmoja amelegea kidogo.

Walete namba chache: kununua ni kiasi gani, matunzo kiasi gani, na mwezi mbaya kabisa utaingiza nini. Ile michanganuo inayozunguka kwenye simu, ambamo vifaranga 300 huishia kuwa kuku 300 na hakuna hata mmoja aliyekohoa, isiingie kikaoni. Sisi tuliisoma kwa sauti, tukapiga makofi.

Hatua ya nne: kila mtu aweke chake kabla ya kusikia cha mwenzake

Kama mtachukua hatua moja tu katika mwongozo huu, chukueni hii.

Mwaka 1906, kwenye maonyesho ya mifugo Plymouth, Uingereza, watu walilipa kiingilio kukisia uzito wa nyama ya ng'ombe mmoja baada ya kuchinjwa na kusafishwa. Mwanasayansi Francis Galton alizichukua kadi zao, akapata 787 zinazosomeka. Alipozipanga kutoka ndogo hadi kubwa, kadi ya katikati ilisema ratili 1,207. Ng'ombe alikuwa na ratili 1,198. Walikosea kwa chini ya asilimia moja, na miongoni mwao walikuwepo wachinjaji na pia watu waliokisia kwa bahati tu. Kilichowasaidia ni kwamba kila mmoja aliandika kadi yake. Hakukuwa na mwenyekiti wa kusimama na kusema, "Jamani, mimi naona huyu hapungui 1,500."

Upande wa pili yupo Solomon Asch, mtaalamu wa saikolojia aliyefanya majaribio Marekani katika miaka ya 1950. Alikusanya watu mezani akawauliza ni mstari upi unalingana kwa urefu na mwingine, jambo ambalo mtoto angelijibu. Wote isipokuwa mmoja walikuwa wamepangwa wajibu makosa kwa sauti. Yule asiyejua mpango, majibu yake karibu theluthi moja yaliwafuata wenzake kwenye kosa, ingawa mstari alikuwa anauona. Lakini alipowekewa mwenzake mmoja tu anayesema kweli, kufuata mkumbo kulipungua mno. Aliporuhusiwa kuandika jibu badala ya kulitamka, vilevile kulipungua.

Basi kazi yako wewe unayeongoza kikao ni hizo mbili: watu waandike kabla ya kusema, na mwenye shaka agundue mapema kwamba hayuko peke yake. Sisi tunafanya hivi:

Kila mtu anapewa nusu karatasi na kalamu ya rangi moja. Tunakaa kimya dakika tano, simu zimefunikwa. Anaandika chaguo lake, sababu moja, na mstari wa tatu ambao ndio wenye mali: "Jambo moja ninalolijua mimi ambalo nadhani wenzangu hawalijui." Hakuna jina. Katibu anakusanya kwenye kofia au beseni, anachanganya, anasoma zote kwa sauti ileile moja, bila kucheka na bila kuongeza "hii nzuri".

Asiyeandika asiachwe. Weka vikombe nyuma ya mlango, kimoja kwa kila chaguo, juu yake kitu cha kulitambulisha: kipande cha plastiki kwa viti, boliti kwa bajaji. Kila mtu anaingia na punje moja ya maharage. Mstari wa tatu anamnong'oneza mtu anayemwamini, ambaye si kiongozi. Wala hili si geni kwenye vikundi vyetu. Mfumo huu wa kuweka na kukopa ulianzia Niger mwaka 1991, ukiendeshwa na CARE kwa wanawake wa vijijini ambao wengi hawakusoma, na hapo mwanzo hesabu walizishika kichwani. Haukujengwa kwa ajili ya wenye kalamu.

Kwa nini nasisitiza mstari wa tatu? Watafiti wawili, Stasser na Titus, walionyesha mwaka 1985 kwamba watu wakikaa kujadiliana hujikita kwenye yale ambayo tayari wote wanayajua, na habari iliyo kwa mtu mmoja hubaki kwa mtu mmoja. Nikikumbuka kuku, sihitaji kushawishiwa. Kikao chetu kizima tulielezana kwamba watu wanapenda kula kuku.

Na kuna jambo ambalo wazungu hao hawakuliona mezani kwao. Kwenye kikundi chetu wamo mama na mkaza mwana wake. Mama mkwe akisema "bajaji", yule binti hata akijua kwamba dereva aliyependekezwa analewa, hatafungua mdomo, na si haki kumlaumu. Karatasi isiyo na jina inamsitiri. Amesema lake, na jioni watapika jiko moja.

Hatua ya tano: mzunguko, mwenyekiti wa mwisho

Sasa ndipo midomo ifunguke. Anzieni kwa mgeni zaidi au mdogo zaidi, dakika mbili kila mmoja, mwishieni kwa mwenyekiti. Mpaka duara limekamilika hakuna kujibizana. Asiye na la kusema aseme "napita", lakini mwishoni aulizwe tena.

Utaambiwa kwamba kumtanguliza mdogo ni kuwavunjia heshima wakubwa. Kwetu lilileta maneno. Tulilitatua kwa kumpa mzee wetu nafasi ya kufungua kikao kwa dua na kusema yeye mwenyewe: "Nataka kwanza niwasikie wanangu, halafu nitasema." Kuanzia hapo kunyamaza kwake kukawa ndiyo heshima yake, na vijana wakasema kwa sababu wametumwa na mkubwa. Mwenyekiti yeye mambo yalikuwa magumu zaidi. Wiki za kwanza alinyamaza kwa mdomo, ila uso ulihutubia. Tukamwomba akae nyuma ya sanduku, awe anaandika.

Hatua ya sita: uliza umekufaje

Chaguo linaloelekea kushinda likishaonekana, msipige kura bado. Gary Klein, Mmarekani anayetafiti jinsi watu wanavyoamua, alieleza mwaka 2007 zoezi fupi sana: jifanye mwaka umepita na mradi umeshakufa, kisha kila mtu aandike umekufa kwa nini. Ukiuliza "kuna mwenye wasiwasi?", utajibiwa "hapana". Ukiuliza "umekufaje?", kila mtu ana la kueleza, maana hapo hampingi mtu, anasimulia tu.

Kwetu lilikwama mara ya kwanza. Mama mmoja alisusa kabisa: mdomo huumba, huo ni uchuro, hamwezi kukizika kitu ambacho hamjakinunua. Tuligeuza maneno: "Kikundi cha mtaa wa pili kilifanya mradi kama huu ukawafia. Wametuomba tuwaambie sababu." Kalamu zilianza kukimbia, na yeye aliandika mistari mingi kuliko wote.

Humo ndimo ilimotoka karatasi iliyobadilisha hesabu yetu ya viti. Ilikuwa na maneno machache: "Walisahau Ramadhani." Pwani yetu harusi hujaa Shaaban, Mfungo ukiingia zinasimama, kisha zinarudi baada ya Idi. Wawili tuliowatuma walikuwa wamepiga hesabu ya miezi kumi na miwili kana kwamba kila Jumamosi kuna ndoa.

Hatua ya saba: kura isiyodanganya

Kuinua mikono kwa chaguo moja kunaweza kuwapa ushindi walio wachache. Kwetu hesabu ya kwanza ilitoka hivi: viti 10, bajaji 8, kukopeshana 6. Viti vimeshinda? Watu 14 kati ya 24 hawakuvitaka.

Tulirudia kwa njia nyingine. Kila mtu alipewa punje tatu na kuambiwa: tia punje moja kwenye kila kikombe ambacho uamuzi wake unaweza kuishi nao, hata kama si kipenzi chako. Kukopeshana kukapata 17, viti 12, bajaji 9. Kumbe lililoonekana la mwisho ndilo lililowaudhi watu wachache kuliko yote. Njia hii ni nyepesi, haihitaji elimu, na inaacha vidonda vichache. Angalizo: hesabuni mbele ya watu, na kila kikombe kihesabiwe na watu wawili, kama mnavyohesabu fedha za sanduku.

Matokeo yakishaonekana, ruhusuni robo saa ya kuunganisha. Mtu mmoja akasema, kwa nini tusikopeshane 2,400,000 na kwa 1,200,000 inayobaki tununue viti 60 tu? Kiti shilingi 18,000, jumla 1,080,000, na 120,000 za kufuli na usafiri. Likapigiwa kura ya ndiyo na hapana: ndiyo 21, hapana 3.

Kiwango cha kupita kipangwe kabla hamjahesabu. Kwa fedha, sisi tunataka theluthi mbili. Kauli moja siipendi tena kwa jambo lolote linalozidi bei ya mkeka. Ikitokea bila mtu kuvuta nyuma, tunaahirisha wiki moja tuone kama shaka itajitokeza.

Hatua ya nane: muhtasari wenye mwisho

Muhtasari wa zamani ulisema tulichoamua. Wa sasa unasema pia nani anafanya, lini, kwa fedha gani, waliokataa walisema nini, na lini tutaacha. Hilo la mwisho andikeni mapema, kwa sababu mradi ukishaanza kila mtu anautetea kama mwanawe. Letu lilisomeka hivi:

"Viti 60 vitanunuliwa na wajumbe wawili waliotajwa kabla ya tarehe 20. Vitatunzwa kwa mama wa hotelini. Kukodisha ni shilingi 300 kwa kiti. Wajumbe watatu walikataa: hofu ya kupotea kwa viti, na nani atadai fedha kwa ndugu wa wanachama. Vikitoka chini ya mara nne Shaaban yote, tunaviuza na fedha zinarudi kwenye mikopo. Ramadhani haihesabiwi."

Kikao kinachofuata, kwenye yatokanayo, soma aya hiyo yote kwa sauti kabla ya jambo lingine lolote. Wale watatu wasikie maneno yao bado yamo. Hofu yao ya ndugu wa wanachama, kwa taarifa yako, ilikuwa ya kweli: tulilazimika kuweka sharti la kulipa kabla ya kuchukua, hata kwa mtoto wa mwenyekiti.

Mkiwa na haraka, na mkiwa kwenye simu

Kamati ya harusi haina wiki za kusubiri. Shikeni swali lililoandikwa, karatasi kabla ya maneno, na muhtasari. Kama hakuna karatasi, kila mtu amtumie katibu ujumbe wake binafsi, katibu asome yote kwa pamoja.

Kundi la WhatsApp tumieni kupeana taarifa tu. Pale wa kwanza kuandika ndiye mwenyekiti wa saa hiyo, vidole gumba kumi vinafuata, na aliyekuwa shambani au kwenye foleni ya hospitali anakuta yamekwisha. Kutojibu kusihesabiwe ndiyo.

Na mtegemee malalamiko. Kikao chetu kimerefuka kwa karibu nusu saa, na wawili walituambia waziwazi kwamba tumegeuza hisa kuwa darasa. Tulipunguza: hatua zote nane ni kwa fedha inayozidi laki tano tu. Chini ya hapo, karatasi na kura, basi.

Shaaban ile viti vilitoka mara saba. Ramadhani yote vilikaa stoo kwa mama wa hotelini, vimepangwa hadi dari na kufunikwa shuka kuukuu, na hakuna aliyeuliza kwa nini.